Nyuzi

Pasi ya nywele niliinunua Arua mjini,
kwa Ezaruku, muuza nyaya na balbu.
Alinipangia tatu juu ya kaunta:
ya kwanza inang'aa kama jino la dhahabu,
ya pili nyekundu, ina picha ya mzungu anayecheka,
ya tatu nyeusi, nzito, haina la kujisemea.
"Hiyo yenye picha ndiyo inayotoka sana."
Inatoka, sawa. Na kurudi, hairudi?
Akakuna shingo, akatazama barabarani.

Miaka kumi na mmoja nasuka na kunyoosha.
Nina kovu sikioni, punje ya simsim,
zawadi ya bati lililopakwa rangi likaitwa kauri.
Kwa hiyo nilizifumba moja moja, nikazielekeza mlangoni:
mabamba yabusiane, mwanga usipenye,
maana penye ufa nywele huvutwa, hukatika.
Nikatoa mkobani kipande cha soksi ya nailoni,
nikakiburuta juu ya kila bamba.
Ile ya dhahabu ilikwamisha uzi mmoja.
Mmoja tu. Nikairudisha rafuni.
Yenye picha ilijua kuwaka na kuzimika, basi;
nyeusi ilikuwa na kigurudumu na tarakimu.
Nikaomba soketi tuijaribu. Umeme haukuwepo.
Tulikaa tukitafuna karanga hadi saa tisa.

Jumapili mama akavua kitambaa.

Shuleni masista walimnyoa kila muhula ukianza;
alipoolewa akajifunga, na kichwa kikazoea kufungwa.
Sasa ana miaka sitini na minne.
"Candiru," akaniambia, "urembo siutaki.
Nataka kujua zimefika wapi."

Nikaziosha. Nikazikausha mpaka kwenye ngozi,
kwa sababu nywele mbichi ikikutana na pasi hulia tsss,
wateja hudhani ni mvuke wa uzuri,
kumbe ni nywele inayochemka kwa ndani.
Mafuta ya kukinga joto, tone kiganjani;
hatukaangi samaki hapa.
Mafungu manne, kila fungu nikalichana vipande
vyembamba hata kidole kionekane upande wa pili.
Kitana mbele, pasi nyuma,
kama mtu na deni lake.

Wasichana wangu saluni hukimbilia mia mbili na ishirini.
Mvi za mama nilizipa mia na hamsini.
Nyuzi za joto ziwe chache,
nyuzi za kichwa zibaki nyingi:
hilo nimelibandika ukutani, na hakuna anayelisoma.
Pita mara moja, bila kusimama njiani.
Mara ya pili, ukilazimika.
Ya tatu ni ubishi.

Alikuwa ameshika sikio lake kwa vidole viwili,
amelikunja, amelificha, hapumui.
"Mama, pumua."
"Wewe fanya kazi."

Zikateremka.
Zikapita shingo, zikapita mkufu wa rozari,
zikalala juu ya mfupa wa bega, zikaendelea kidogo.
Hakuomba kioo. Aliomba utepe wa fundi cherehani.
Inchi kumi na saba.
Akaiandika nyuma ya kitabu cha sala,
chini ya tarehe tulizozaliwa, sisi watano,
akapiga mstari.

Halafu bati likaanza kugonga.
Muhogo ulikuwa umeanikwa nje, gunia zima,
naye akatoka mbio, kichwa wazi,
nami nyuma yake nikipiga kelele, Mama, nywele! Mama, saa mbili zangu!
Hakugeuka.

Aliporudi zilikuwa zimejikunja zote,
zimepanda juu, zimekaa kwao
kama kuku waliojua njia ya banda.
Nikashika kigurudumu. Niwashe tena?
"Ya nini? Nishajua."

Nikachomoa pasi, nikailaza kwenye kigae,
waya kando; hauzungushwi mabamba yangali moto.
Yeye alikuwa ameinama juu ya gunia,
maji yakimtiririka kisogoni.
"Lete beseni," akasema. "Huu wa chini umelowa."